Tope Ndilo Ghala: Utatuzi wa Matatizo ya Metali katika Ziwa Linalopokea Maji ya Migodi

Mwongozo huu umetokana na malalamiko yanayorudi kila mwaka kutoka kwa maofisa uvuvi, viongozi wa BMU (vikundi vya usimamizi wa mialo), walimu wenye vikundi vya mazingira na wachimbaji wadogo wanaoishi kati ya machimbo ya dhahabu ya Geita na mialo ya kusini mwa Ziwa Victoria. Nimeyapanga kwa dalili, kwa sababu mtu anayesimama ufukweni haoni kemia. Anaona maji yaliyobadilika rangi, samaki waliokufa au karatasi ya maabara isiyoeleweka. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea mara nyingi zaidi na kipimo chepesi zaidi, kisha nimekwenda kwenye zile zinazohitaji vifaa na wataalamu.

Jambo moja lishikwe kabla ya yote. Metali haiozi. Kinyesi huliwa na bakteria kikaisha, na sumu nyingi za mashambani huvunjika polepole, lakini risasi au zebaki iliyoingia ziwani miaka 80 iliyopita ingali ni risasi na zebaki leo. Kinachobadilika ni mahali inapokaa: imeyeyuka majini, imeshikamana na chembe za udongo na kutu, imefungwa na salfa ndani ya tope, au imeingia katika mwili wa kiumbe. Kinachoihamisha kutoka makao haya kwenda yale ni oksijeni, asidi, salfa na mabaki ya viumbe yanayooza. Kwa hiyo anayepima maji peke yake amepima njia tu, na ghala lenyewe, ambalo ni tope la chini, bado hajalifungua.

Vifaa vya kuanzia si vingi: kipima oksijeni chenye waya wa kufika chini ya ziwa, kipima pH (namba ikishuka, asidi ya maji imeongezeka) na upitishaji wa umeme, sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji, bomba angavu la plastiki la kuchotea tope bila kulivuruga, na chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi. Usipoweza kuvipata vyote, anza na kipima oksijeni, kwa kuwa maswali mengi yaliyo hapa chini hujibiwa nacho nusu nzima.

Dalili ya kwanza: maabara inasema maji ni salama, lakini samaki wana zebaki

Hili ndilo lalamiko linalozua ugomvi mwingi kuliko yote, kwa kuwa kila upande hushika karatasi yake na kudai mwingine anadanganya. Mara nyingi karatasi zote mbili ni za kweli.

Sababu ya kawaida kabisa iko kwenye karatasi yenyewe. Tafuta mahali palipoandikwa kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona. Ikiwa jibu ni «chini ya 0.001 mg kwa lita», maana yake mashine haioni kitu chochote kilicho chini ya nanogramu 1,000 kwa lita, wakati zebaki katika maji ya ziwa kwa kawaida huhesabiwa kwa nanogramu chache tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 0.006 mg kwa lita, kwa hiyo maabara imejibu sawasawa swali la kama maji hayo yanafaa kunywewa kwa upande wa zebaki. Haijajibu swali la samaki, kwa sababu samaki hukusanya.

Sababu ya pili ndiyo mzunguko wenyewe. Zebaki inayomwagika kwenye mwalo wa kuoshea dhahabu, ile inayoruka kama mvuke mchimbaji anapochoma dhahabu, na ile iliyobaki kwenye marudio (mabaki ya mawe yaliyosagwa baada ya dhahabu kutolewa), yote ni zebaki ambayo mwili wa samaki hauipokei kwa wingi. Ikifika mahali pasipo na oksijeni, ndani ya tope lenye majani yanayooza, bakteria wanaopumua kwa salfeti (chumvi ya salfa) au kwa chuma badala ya oksijeni huigeuza kuwa methili-zebaki. Umbo hili hupenya ukuta wa utumbo na kukaa mwilini. Vijimea vya majini hulibeba, wadudu wadogo huwala vijimea, dagaa na furu huwala wadudu, sangara huwala dagaa na furu, na kila hatua huongeza. Katika nyama ya samaki mla samaki, kiwango kinaweza kuwa mara milioni au zaidi ya kile cha majini, na karibu zebaki yote iliyomo ni methili-zebaki.

Sababu ya tatu ni uteuzi wa samaki. Sangara wa kilo 30 ameishi na kula miaka mingi kuliko sato wa sahani. Ukimpima yeye peke yake utaliona ziwa lote kuwa na sumu, na ukipima sato peke yake utaliona ni safi. Kila jibu la samaki lisilotaja aina, urefu na uzito lirudishwe lilikotoka.

Sababu isiyotajwa sana, lakini ninayoiangalia kila mara, ni gugumaji na ardhi iliyomezwa karibuni na maji. Mizizi ya mimea inayoelea hushika matope laini na kuwa makao mazuri ya bakteria hao, na chini ya zulia la magugu oksijeni hupungua. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 na kufunika mashamba na vinamasi vya pembeni, majani na udongo uliozama ulikuwa chakula kipya kwa bakteria wale wale. Ghuba inaweza kuzalisha methili-zebaki nyingi zaidi bila mchimbaji yeyote kuongeza hata tone.

Ukaguzi uende hivi. Soma kwanza kiwango cha chini cha mashine. Panga samaki kwa aina na urefu. Kisha chukua tope kutoka sehemu tatu: mdomo wa kijito kinachotoka machimboni, katikati ya ghuba, na ghuba nyingine isiyopokea maji ya machimbo. Ikiwa zebaki imejaa mdomoni na kupungua kwa kasi kadiri unavyokwenda mbali, chanzo kinajulikana. Ikiwa imelingana kote, fikiria mvuke unaosafiri hewani na udongo unaomomonyoka kutoka bonde zima.

Niseme wazi, kwa kuwa hofu isiyo na kipimo huwaumiza wavuvi: vipimo vingi vilivyochapishwa kuhusu samaki wa Ziwa Victoria vimekuwa chini ya 0.5 mg kwa kilo, kiwango ambacho nchi nyingi hukitumia kama kikomo. Miongoni mwa sababu zinazotolewa ni kwamba udongo mwekundu wenye chuma kingi hushika zebaki kabla haijafika mbali, na kwamba samaki wa ziwa hili hukua haraka. Hiyo si ruhusa ya kuendelea kumwaga. Ghala bado linajazwa.

Simama hapa ikiwa samaki wa aina moja, wenye ukubwa tofauti, wanavuka kikomo. Usitangaze mnadani. Peleka matokeo TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) na kwa ofisa uvuvi wa wilaya, na ushauri wa ulaji, hasa kwa wajawazito na watoto wadogo, utolewe na watu wa afya. Kupika, kukaanga, kukausha au kubanika hakuondoi zebaki, na yeyote anayeuza dawa ya kuitoa kwenye samaki anauza uongo.

Dalili ya pili: metali zimepanda ghafla majini, na hakuna aliyemwaga kitu

Anza na mvua. Masika yakishuka, vijito huleta udongo, na udongo huja na metali zake. Pima sampuli mbili kutoka ndoo moja, moja ikiwa imechujwa kwenye chujio la mikromita 0.45 na nyingine haijachujwa. Iliyochujwa ikiwa haijabadilika na isiyochujwa imepanda, kilichoongezeka ni chembe, wala si metali iliyoyeyuka. Chembe hizo zitazama baada ya siku chache na kuwa sehemu ya tope. Jambo la kufuata ni mmomonyoko wa kingo na malundo ya marudio yaliyoachwa wazi karibu na kijito.

Ikiwa iliyochujwa ndiyo iliyopanda, shusha kipima oksijeni hadi chini. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kuwa hupima juu, ambako upepo hupuliza, na kuridhika. Ziwa Victoria lina kina cha wastani cha mita 40 hivi, na katika miezi ya joto maji ya juu yenye moto huelea juu ya maji ya chini yaliyo baridi kidogo bila kuchanganyika nayo. Mwani unaokufa huzama na kuoza, oksijeni ya chini huisha, na bakteria hulazimika kutafuta kitu kingine cha kupumulia. Huanza na naitreti, kisha manganizi, kisha kutu ya chuma, kisha salfeti. Kutu ile ilikuwa imeshika aseniki, fosforasi na metali nyingine juu ya chembe zake. Inapoyeyuka huviachia vyote.

Mpangilio huu ndio alama yako ya kusomea. Manganizi ikipanda peke yake, oksijeni imeanza kuisha. Manganizi na chuma vikipanda pamoja na aseniki, imeisha, na kinachotoa metali ni tope lenyewe. Oksijeni ikiwa chini ya mg 2 kwa lita karibu na tope, usihangaike kumtafuta mwizi nchi kavu.

Kisha hutokea jambo linalovutia sana. Chuma kilichoyeyuka hupanda taratibu hadi kinapokutana na maji yenye oksijeni, hapo hugeuka tena kuwa kutu, hudaka aseniki iliyo karibu na kushuka nayo chini, na kuanza upya. Chuma ni mchukuzi anayepanda na kushuka usiku na mchana, akibeba mizigo ya wengine. Upepo wa kusini-mashariki unapokuja kati ya Juni na Agosti na ziwa likapoa, maji ya juu na ya chini huchanganyika, na mzigo wote uliokuwa umefungiwa chini husambaa kwa muda. Mtu aliyepima Machi akapima tena Julai anaweza kudhani kuna mgodi mpya, kumbe ziwa limegeuka tu.

Sababu zinazofuata ni za kuvuruga tope kwa mikono: makokoro yanayoburuzwa chini, uchimbaji wa mchanga, na injini kubwa kwenye maji ya kina kifupi. Angalia uangavu kwa ile sahani nyeupe kabla na baada. Maji yakishuka na kuacha kingo wazi, tope lililokuwa na salfa hukutana na hewa, hutengeneza asidi, na mvua ya kwanza ya vuli huisukuma asidi hiyo pamoja na metali kurudi ziwani. Mkupuo wa namna hii huonekana kwenye siku mbili tatu za kwanza za mvua na kutoweka.

Umwagaji wa kweli huufikiria baada ya hayo. Tembea ukipanda kijito huku ukipima upitishaji wa umeme kila baada ya hatua mia mbili; mahali kipimo kinaporuka ghafla ndipo bomba au mfereji unapoingilia.

Simama hapa mara moja ukikuta samaki wengi, wa aina zote, wamekufa kwa wakati mmoja chini ya eneo lenye matangi ya sianidi, sumu inayotumika kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mawe. Wasiokotwe, wasiliwe, maji yasinywewe na mifugo, na mtu asiingie kuchota sampuli kwa mikono mitupu. Toa taarifa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria na NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) siku hiyo hiyo. Hatari huwa kubwa zaidi pale marudio yenye zebaki yanapotiwa sianidi bila zebaki kutolewa kwanza, kwa kuwa sianidi huiyeyusha na kuisafirisha. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, umeutaja utaratibu huo miongoni mwa vitendo vinavyopaswa kukomeshwa.

Dalili ya tatu: kijito kimegeuka rangi ya kutu

Chukua kijiti uguse utando unaong'aa juu ya maji. Ukivunjika vipande vipande kama ganda jembamba la barafu, ni kazi ya bakteria wa chuma, nao hupatikana hata kwenye chemchemi isiyo na mgodi wowote karibu. Ukizunguka na kujiunga tena, ni mafuta, na suala ni jingine.

Kama ni chuma, pima pH. Ikiwa 6 au zaidi, huenda ni maji ya ardhini yenye chuma yaliyokutana na hewa. Ikiwa chini ya 4, mwamba wenye salfaidi ya chuma (chuma kilichoungana na salfa) umefunguliwa, na hewa na maji vinaugeuza kuwa asidi ya salfuriki, huku bakteria wakiharakisha kazi hiyo maradufu. Fuata rangi ukishuka kijito: kutu ya chuma hutua kwanza, ute mweupe wa alumini hutokea pH ikikaribia 5, na shaba, kisha zinki na kadimi hushikwa baadaye maji yanapokaribia hali ya kawaida. Aseniki huenda kinyume, kwa kuwa hushikwa vizuri na kutu katika maji yenye asidi kidogo na kuachiwa pH ikipanda sana. Ndiyo maana kumwaga chokaa kwa kukisia si tiba; unaweza kuzamisha zinki ukaamsha aseniki. Kipimo cha chokaa kikokotolewe na mhandisi wa maji, na mahali pa kukusanyia ute utakaozama pawe pamepangwa kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.

Dalili ya nne: shimo lililojaa maji ni safi kama kioo, na hakuna chura wala mwani

Uangavu huu ndio onyo. Asidi na alumini huzifanya chembe zishikane na kuzama, na viumbe vinavyotia maji rangi vimekufa. Pima pH ukiwa ukingoni, kwa chombo kilichofungwa kwenye kamba. Chini ya 4.5, funga njia, weka bango, usiruhusu ng'ombe wala watoto. Shimo la shaba la Berkeley huko Butte, Montana, liliachwa lijae maji baada ya pampu kuzimwa mwaka 1982, na mwaka 1995 bata bukini weupe 342 waliotua humo walikutwa wamekufa. Shimo la mchimbaji mdogo ni dogo mno ukililinganisha na lile, lakini kemia ni ile ile, na kingo zake huporomoka. Hapa hakuna ukaguzi wa ndani wa kufanywa na kijiji.

Dalili ya tano: tope ni jeusi na linanuka kama mayai viza

Wanakijiji wengi huja na dalili hii wakiwa na suluhisho mkononi: tuchimbe tope lote tulitupe nchi kavu. Naomba wasubiri.

Siku moja tulichota tope kwa bomba angavu katika ghuba moja tulivu, maji yakiwa ya mita sita. Bomba lilipotoka, juu kabisa palikuwa na ngozi ya kahawia, unene wake haufiki upana wa ukucha wa kidole kidogo, laini kama unga wa ulezi uliolowa. Chini ya ngozi hiyo tope lilikuwa jeusi tii hadi mwisho wa bomba. Mwenzangu alilikata kwa kisu cha plastiki na kuliacha kwenye sinia. Kabla hatujafika mwaloni, uso wa ule weusi ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu, kisha wa hudhurungi. Hewa ilikuwa inaifungua kufuli ya salfa mbele ya macho yetu.

Weusi ule ni salfaidi ya chuma. Bakteria wanapopumua kwa salfeti hutoa salfaidi, nayo huikamata risasi, kadimi, zinki, nikeli na shaba kwa nguvu kuliko inavyokamata chuma. Maadamu salfaidi ni nyingi kuliko metali hizo, na maadamu hakuna oksijeni, zinabaki zimefungwa na viumbe haviwezi kuzichukua kwa urahisi. Ngozi ya kahawia iliyo juu ni mlinzi wa pili, kwa kuwa kutu yake hudaka kinachovuja kabla hakijaingia majini. Zebaki ndiyo yenye kasoro hapa, kwa sababu bakteria wale wale wanaotengeneza kufuli ndio wanaotengeneza methili-zebaki. Kwa hiyo tope jeusi linaweza kuwa mlinzi mzuri wa risasi na wakati huo huo jiko la zebaki, na jibu la kufanya nini hutegemea ni metali ipi uliyo nayo. Swali hilo haliepukiki.

Sababu za harufu kuzidi, kwa mpangilio wa kawaida, ni mwani mwingi unaotokana na mbolea na maji taka, magugu yaliyozama, na salfeti nyingi inayoletwa na maji ya migodi. Tatu hizi hushughulikiwa zote nchi kavu. Ukaguzi mwepesi ni kuangalia kama ngozi ya kahawia ipo. Ikiwapo, liache tope lilivyo. Isipokuwapo mwaka mzima, chukua sampuli iliyofungwa bila hewa na uombe maabara ilinganishe salfaidi na metali zilizofungwa nayo.

Simama hapa kwa mambo mawili. Kwanza, usitie asidi kwenye tope hilo nyumbani wala darasani ili «kuona kama linanuka zaidi». Gesi inayotoka huua, na ikizidi pua huacha kabisa kuinusa, kwa hiyo kutoweka kwa harufu si usalama. Pili, usichimbe. Kule Minamata, Japani, ambako zebaki ilitoka kiwandani na si mgodini, kuondoa tope la ghuba kulianza mwaka 1977 na kukamilika 1990, na hekta 58 za nchi kavu mpya zilitengenezwa ili kulifungia humo. Hiyo ni kazi ya serikali nzima. Koleo na mtumbwi vitafungua ghala tu.

Dalili ya sita: majibu mawili ya mahali pamoja hayalingani

Kabla ya kuilaumu maabara, jilaumu wewe mchotaji. Nimewahi kuletewa jibu la zinki lililokuwa juu katika vituo vyote vya ghuba, hata vile vya mbali, na tukakaribia kuandika barua kwa wakubwa. Bahati ni kwamba tulikuwa tumepitisha maji yaliyokenekwa kwenye vifaa vyetu kama sampuli ya udhibiti, nayo pia ilikuwa na zinki. Tulikuwa tumechota kwa ndoo ya bati. Bati limepakwa zinki. Tangu siku hiyo hakuna safari yangu isiyo na chupa ya udhibiti, na ndoo ni ya plastiki, kamba ni ya nailoni.

Sababu nyingine ni kuchelewa. Maji ya chini yasiyo na oksijeni yakikaa usiku mmoja kwenye chupa isiyojaa, chuma hugeuka kutu na kuzama pamoja na metali nyingine; ukiona mashapo ya rangi ya chai chini ya chupa, jibu limekwisha kuharibika. Chuja hapo hapo mtumbwini, kisha tia asidi ya naitriki safi hadi pH iwe chini ya 2, la sivyo metali zitagandamana na ukuta wa chupa. Kwa zebaki uliza maabara chupa na dawa yake kabla ya safari, kwa kuwa huhitaji utaratibu wake.

Kwa upande wa tope, tofauti nyingi ni za mchanga na udongo laini. Metali hukaa kwenye chembe laini, kwa hiyo sampuli yenye mchanga mwingi itaonekana safi hata kama imetoka mlangoni mwa mgodi. Pepeta na kupima sehemu iliyo chini ya mikromita 63, au linganisha kila metali na alumini iliyomo. Na usisahau mwamba: ukanda wa mawe ya kijani wa Usukuma una aseniki ya asili, na visima visivyo na mgodi karibu vinaweza kuwa nayo. Kituo cha kulinganishia lazima kiwe juu ya mwamba wa aina hiyo hiyo.

Dalili ya saba: mgodi ulifungwa zamani, lakini tope la juu bado ni chafu

Matarajio ya kawaida ni kwamba tope safi litafunika chafu, na pengine hufanya hivyo. Lisipofanya, sababu ya kwanza ni kwamba uchafu bado unakuja. Katika Ziwa Coeur d'Alene, Idaho, Marekani, migodi ya fedha na risasi ilimwaga marudio mtoni moja kwa moja hadi 1968, lakini kingo za mto zilizojengwa na marudio hayo huendelea kumomonyoka, na kila furiko huleta risasi mpya kwa macho ya ziwa, ingawa ni ya zamani kwa umri. Kabila la Coeur d'Alene na Jimbo la Idaho walipokubaliana mpango wa usimamizi wa ziwa mwaka 2009, waliweka mkazo kwenye fosforasi, jambo lililowashangaza waliotarajia mazungumzo ya risasi na zinki peke yake. Hesabu yao ni ile ya dalili ya pili: mbolea nyingi, mwani mwingi, oksijeni kidogo chini, na ghala linafunguka.

Ziwa Tshangalele la Katanga, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, lina shida ya pili, yaani kina kifupi. Shaba na kobalti kutoka eneo la Likasi hutua kwenye matope ya vinamasi ambayo upepo, samaki wanaochimba chini na nyavu huyarudisha juu kila mara, kwa hiyo tabaka safi halipati utulivu wa kujijenga.

Sababu ya tatu ni metali kupanda zenyewe. Manganizi, chuma na aseniki huyeyuka chini na kusafiri kupitia maji yaliyo katikati ya chembe hadi tabaka la juu lenye oksijeni, hapo hushikwa. Ukiona aseniki imerundikana kwenye sentimita ya kwanza pamoja na chuma, usihitimishe kwamba uchafuzi ni wa mwaka huu. Risasi husafiri kidogo sana, kwa hiyo mpangilio wake kutoka juu hadi chini ya bomba ndio historia inayoaminika zaidi.

Ukaguzi ni wa kukata tope la bomba vipande vya sentimita moja moja, kila kimoja na mfuko wake, na kupima risasi, chuma, manganizi na aseniki pamoja. Umri wa vipande hupimwa kwa risasi-210, aina ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi, na kazi hiyo ni ya maabara ya mionzi, si yetu. Kinachobaki kwetu ni kuandika vizuri: tarehe, kina, hali ya upepo siku tatu zilizotangulia, oksijeni ya chini, na kama ngozi ya kahawia ilikuwapo bomba lilipotoka majini. Kisha rudi Machi, wakati maji yamelala, na urudi Julai yanapogeuka, mahali pale pale. Tope lililopimwa msimu mmoja lisitangazwe kuwa limepona.